Harufu ya Mkurugenzi

Taifa linatangaziwa kwamba jiko ni zahanati. Ndivyo alivyosoma Mkurugenzi wa Mamlaka ya Viungo Tiba, kasimama juu ya kiti ili aonekane, na sisi wafanyakazi tukapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Hoja yake ilikuwa nzito. Watu walikuwa wanajitibu mafua kwa tangawizi na tumbo kwa mdalasini, halafu wanapona bila kibali. Mtu akipona kiholela leo, kesho atafanya nini?

Kwa hiyo, yeyote atakayenuka kiungo bila leseni ya utabibu atawekwa chumba cha uangalizi mpaka harufu imtoke. Chumba hicho hakikutengewa bajeti. Tukatumia stoo ya viungo vilivyokamatwa.

Mimi ndiye Mnusaji Mkuu. Kazi hii haitaki cheti, inataka pua, na pua yangu haina ndugu. Mtu wa kwanza kumkamata alikuwa shemeji yangu, mdogo wa kike wa mke wangu, anayeuza chai ya tangawizi hapo langoni mwa ofisi yetu. Kila asubuhi nilikwenda kumnusa, na kila asubuhi alikuwa amezidi. Amelala juu ya magunia ya tangawizi na bado harufu haipungui. Nikamhesabu kuwa mkaidi.

"Shemeji," akasema nyuma ya mlango, "hali niliyofikia, mtu anaweza kunitia mchuzini."

"Punguza harufu."

"Nikaipunguzie wapi? Na wateja wangu wanakunywa nini?"

"Maji ya moto."

"Na dada yangu anakupikia nini siku hizi?"

Mke wangu alikuwa amegoma kupika. Nilikula mkate mkavu, chakula kinachofaa sana kwa mnusaji.

Siku ya Waziri kuja kuibariki sheria ikafika. Akishaibariki, meza ya shemeji inapasuliwa kuni. Shoka lilikuwa tayari langoni.

Asubuhi hiyo Mkurugenzi aliingia na shavu limevimba kama andazi.

"Jino," akasema.

"Si uende hospitali, bosi?"

"Kuna foleni. Lete ufunguo wa stoo, nikakague vielelezo."

Alivikagua haraka. Alirudi anatabasamu upande mmoja.

Waziri akaja, anakohoa tangu anashuka garini. Mkurugenzi akajitapa mbele yake: "Mheshimiwa, huyu ni Mnusaji wetu. Mnusaji, nusa yeyote humu ndani. Usiogope cheo."

Amri ni amri. Nikaanza na dereva: petroli. Katibu muhtasi: marashi, tena ya mtu mwingine. Nikafika kwa Mkurugenzi, nikavuta pumzi taratibu.

"Karafuu," nikasema. "Jino la nyuma, kushoto."

"Hiyo ni dawa ya mswaki."

"Fungua mdomo, bosi."

"Mimi?"

"Hebu fungua," akasema Waziri.

Akafungua. Punje ikadondoka juu ya kiatu cha Waziri.

"Una leseni ya utabibu?" nikamuuliza, maana ndivyo sheria inavyotaka.

"We bwana, sheria hii nimeitunga mimi."

"Ndiyo maana huwezi kusema huijui."

Tukampeleka stoo. Hapo likatokea tatizo la kiutawala: kanuni inasema chumba kina nafasi ya mtu mmoja, na cheo kikubwa hakibanani na kidogo. Ikabidi shemeji atoke. Akapita mbele yetu ananukia kama sherehe nzima, na Waziri akageuza shingo.

"Huyu mama anauza nini?"

"Dawa ya kikohozi chako," shemeji akajibu, "ila huyu hapa anasema ni kosa."

Waziri alikunywa kikombe cha kwanza cha chai ya tangawizi pale langoni, kasimama. Cha pili akakinywa amekalia shoka, maana hapakuwa na kiti kingine. Kikohozi kikatulia. Kuhusu sheria akasema hawezi kuigusa mpaka Mkurugenzi mwenyewe awepo ofisini kuieleza.

Alasiri mlango wa stoo ukagongwa.

"Mnusaji. Njoo uninuse."

Nikainama kwenye tundu la ufunguo.

"Bado, bosi," nikamwambia. "Tena umezidi."