Ombi la Kubaki Kijana Katika Utafiti wa Binti Kétsia

Kashuga, Masisi, tarehe 7 Juni 2017

Kwa Bwana Profesa Léopold,
Msimamizi wa utafiti wa udaktari juu ya vizazi, simu na muziki

Mheshimiwa Profesa,

Nakuandikia kwa heshima, nikiwa nimekaa juu ya kidumu, maana kiti kimekwenda kanisani. Mwanafunzi wako, binti Kétsia, ni mtu wa adabu na viatu imara. Lakini Jumatatu iliyopita alinitoa katika kundi la vijana na kunitia katika kundi la wazee, kwa rula na kalamu nyekundu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Nina karatasi. Tulipoandikishwa hapa kambini mvua ilikuwa inapiga hema, na mwandishi akaniwekea mwaka 1987 mahali pa mwingine ambao sitautaja. Sikumsumbua, foleni ilikuwa ndefu. Tangu siku hiyo nina miaka michache kuliko mwanangu Guylain, aliyezaliwa 1979, naye ameipokea hali hiyo vizuri mno. Huniita mbele ya watu, kama mdogo wake: "Petit, kuya ufunge mbuzi!" Mimi hufunga. Kwenye kizuizi cha barabarani, mwenye bunduki aliisoma kadi, akanitazama, akasema, "Pole, kijana, vita ilikukamata mubaya," akanipitisha. Ikiwa mwenye bunduki ameridhika, mwenye kalamu anataka nini zaidi?

2. Mwenendo wangu ni wa kijana. Nina simu yenye kioo kilichopasuka, kama wenzangu wote. Kadi yangu ya memori ina nyimbo 612. Nilikuwa karani wa mizani sokoni miaka kumi na minane. Nikisema 612, si 611. Jumanne na Ijumaa napanda kilima kutafuta rezo, yaani mtandao wa simu, pamoja na vijana, na tukiipata tunapiga kelele pamoja. Wao wamenifundisha kutuma wimbo kwa Bluetooth, simu mbili zikigusana pua kama mbuzi. Mimi nimewafundisha rumba ya magitaa. Thierry, mchimbaji anayekwenda na kurudi Rubaya, sasa haamki bila gitaa.

Ndiyo sababu binti Kétsia aliandika kwamba vijana wa Kashuga wanapenda kuliko vyote muziki wa kabla ya Uhuru. Nasikia ulimpongeza kwa simu. Wiki mbili tulikuwa ugunduzi. Kisha Guylain akaja akicheka hadi akashika mti: "Dada Kétsia, huyu kijana wako njo papa yangu!" Ugunduzi ukafa hapo hapo.

3. Kundi la wazee linaulizwa maswali mabaya. Hukutana Jumatano kwa Mama Emérita, mjane wa kijiji chetu cha kule Walikale, ambaye nyumba yake haivuji sana. Huko huulizwa: "Kabla ya vita mulisikiliza nini?" Basi. Wanatazama chini, mmoja analia, mwingine analala. Vijana tunaulizwa: "Mwakani ungependa kusikiliza nini?" Profesa, nimetafuta katika kurasa zote sita za maswali yenu. Hakuna mzee hata mmoja anayeulizwa habari za mwakani.

Tena wazee wanaombwa kuimba wimbo wa kwao ndani ya mashine, ili usipotee. Nimekataa. Wimbo unawekwa akiba na mtu asiyerudi tena kwao. Mimi narudi. Nimekuwa nikirudi tangu mwaka 1993.

4. Sasa tuseme, kwa ajili ya hoja tu, kwamba nilizaliwa 1947. Nina sabini. Toa miaka ishirini na minne ya ukimbizi, ambayo hakuna mtu aliyeniuliza kama naitaka: arobaini na sita. Toa minne ya foleni: arobaini na miwili. Najua foleni zilikuwa ndani ya miaka ileile, lakini zilichosha mara mbili. Toa mitatu na nusu ya kulala porini, radio imezimwa. Toa minne ya kusubiri barabara ifunguke. Inabaki thelathini na minne na nusu. Ujana wenu unaishia thelathini na mitano. Nimepita, na miezi sita ya akiba.

5. Mkikataa hesabu hiyo, itabidi muwe wa haki kwa wote. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Bibiche, ana miaka miwili, amekimbia mara tatu, na anafungua simu yangu kwa kidole gumba. Mwandikeni mzee.

Kwa hiyo naomba unirudishe kwa vijana kabla ya Ijumaa, maana rezo haitanisubiri.

Nisalimie Mama wa nyumbani kwako, wanafunzi wako wote, hata wale wa takwimu, na mlinzi wa lango lenu. Hapa Bibiche anawasalimu. Guylain anamsalimu Profesa kwa niaba ya mdogo wake, yaani mimi.

Wako katika ujana na utii,

Valentin Kabutwa

N.B. Barua ilikuwa imekwisha fungwa Mama Emérita aliponiita. Nilikwenda kukataa tu. Walikuwa wanaimba wimbo wa kurudi na nyavu za kuwinda, lakini kwetu wanawake huitikia, na anayeanzisha ni mwanamume. Walikuwa wanaitikia, Profesa, na hakuna aliyeanzisha. Wanaume wa kijiji chetu waliobaki Kashuga ni mimi.

Nikaanzisha. Beti zote saba. Niliposahau wa tano, bibi aliyekuwa amelala aliamka akanisahihisha. Vijana walikuja wakasimama mlangoni, simu juu, wakirekodi.

Nilizaliwa 1947, mama yangu alihesabu vizuri. Mwambie binti Kétsia aniache kwa wazee. Lori la Katembo, mfanyabiashara wa Butembo, linapita Walikale Jumatatu, na wimbo uko kwenye simu yake, nimemtumia kwa Bluetooth. Nimemwelekeza: akivuka mto, nyumba ya tatu kushoto ni yangu, kama bado ipo. Apunguze mwendo, aongeze sauti.