Mtaro wa Baba Rebeka

Jumatatu, 7 Juni

Redio imeniharibia! Miaka yote namwambia mke wangu Melania kwamba sivuti maji kwa sababu ya msimamo. Siwezi kulipa tozo ya huduma kila mwezi hata bomba likiwa kavu! Leo redio ikatangaza serikali imeifuta. Mtu alipie maji aliyotumia, basi. Na bei ya kuunganishiwa, mamlaka ya maji isijipangie tu. Melania akaongeza sauti. Kisha akatua ndoo katikati ya sebule, akasema Baba Rebeka, visingizio vimeisha. Kaenda na mtoto kwa mama yake, kule Tinde. Harudi mpaka bomba litoe maji. Nimepika ugali mwenyewe. Hata kuku kaukataa.

Jumanne, 8 Juni

Ofisi ya maji. Fundi Edward kasema nikichimba mtaro mwenyewe kutoka barabarani, gharama itapungua. Nikachimba. Mgongo wangu jamani! Jirani yangu Nasibu, dalali wa almasi anayejiona mjuaji wa Maganzo nzima, kachungulia juu ya ua kuuliza nachimba nini. Nikamwambia mtaro wa bomba. Akakonyeza, akasema sawa, tufanye ni bomba. Hakuamini! Kwani hapa kwetu nani anachimba halafu akakwambia ukweli? Akili ikawaka. Nikatundika chekeche la almasi mlangoni.

Jumatano, 9 Juni

Ewaa! Wachimbaji wamejaa uani na sururu zao, Nasibu mbele. Nikaapa kwa jina la mama yangu kwamba ni mtaro wa bomba. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyochimba. Mimi kivulini, nakunywa uji. Balaa moja tu: wakachimba kuelekea chooni! Nikamvuta Nasibu pembeni, nikamsihi wachimbe kote ila upande wa barabara wasiuguse kabisa. Uji haujapoa, wameshafika barabarani.

Ijumaa, 11 Juni

Edward kaja, kashika kiuno. Kasema bomba linataka kina cha magoti, hapa mngezika ng'ombe amesimama. Lakini kalaza bomba, kafukia, kafunga mita. Maji yakatoka! Melania karudi mbio, kajimwagia maji palepale na kanga zake, anacheka, ananishukuru kwa Kisukuma, wabeja sana, mume wangu. Nikalia kidogo kwa furaha. Wachimbaji wakanawa, wakasema kumbe kweli ni bomba, wakacheka mpaka wakakaa chini. Nasibu peke yake hakucheka. Kaondoka bila kuaga, mfuko wa mchanga begani.

Jumapili, 13 Juni

Nimeamka na swali. Mchanga ule wa nini? Melania anasema Nasibu anakandika choo chake, niache ujinga, nivae twende kanisani. Nikasema tumbo linauma. Choo! Dalali mzoefu vile? Na wale wanaume wote, wachimbaji wa kuzaliwa, wakosee kwa pamoja?

Walipotoka tu, nikachukua sururu, nikarudi pale penye mtaro. Pigo la kwanza, udongo. La pili, pwaa! Maji mpaka juu ya paa! Mita inazunguka kama imepagawa, nami nimelowa chapachapa. Nasibu huyo, kachungulia, anauliza nachimba nini. Nikamwambia ukweli mtupu: bomba limepasuka. Akatimua mbio kwenda kuchukua sururu yake.

Sasa jamani, mtu angekimbia vile kama hapa hakuna almasi?