Nyasi za Mzee Mujuni

Ijumaa Kuu, 8 Aprili 1955

“Mheshimiwa Mwenyekiti, Mwalimu Elieza, Mheshimiwa Msimamizi wa Chakula, Dada Jovitha, mimi Mwijage, Katibu wenu, na wewe Shaban, mwanachama wa kawaida.” Ndivyo nilivyofungua hotuba yangu saa nane mchana, hapa Rwamishenye, nikiwa nimesimama juu ya bampa. Safari ya kwanza ya Chama cha Matembezi ya Heshima! Siku nne, hadi Kamachumu na kurudi. Mvua ilianza katika aya ya kwanza. Sikuikatiza hotuba. Nilipofika aya ya nne, wasikilizaji wote walikuwa wamejifunika turubai nyuma ya pikapu.

Pikapu ni ya Mjomba Rugaibula, mnunuzi wa kahawa. Nimewaambia wenzangu kwamba ameniazima kwa moyo mkunjufu. Kwa usahihi zaidi, ameondoka adhuhuri kwenda bandarini kupanda meli ya Mwanza, na ufunguo aliuficha ndani ya kikapu cha kahawa ya kutafuna, ile ya kukaribishia wageni, mahali ambapo mgeni yeyote angeufikia. Mwezi wa pili niliiingiza pikapu hiyo katika banda la kuku. Mjomba akaniapia: nikiigusa tena, nitaacha meza yangu ya ukarani na kurudi Kanazi kwa mama, kupalilia mikahawa mpaka nizeeke.

Meli inarudi Jumatatu, saa kumi na moja jioni. Gari litakuwa bandani saa kumi, limeoshwa. Mpango hauna tundu.

Turubai linayo saba. Jovitha ameyahesabu.

Jumamosi, 9 Aprili

Tulipiga kambi karibu na Kanazi. Tuliamka tumelowa. Mwenyekiti alipendekeza turudi. Nilimweleza kwa upole kwamba pendekezo halikuwa katika ajenda.

Suala la usukani. Shaban ni fundi wa magari na huendesha malori ya watu kila siku. Ametamka, bila kuombwa, kwamba mlima wa Kamachumu wakati wa masika si mahali pa kujifunzia. Nikamjibu kwamba usukani ni dhamana ya uongozi. Akacheka! Akasema basi uongozi uweke gia ya kwanza, na usikanyage breki hata kidogo, hata ukimwona mama mkwe barabarani. Nikamkumbusha kwamba mwanachama wa kawaida hunyoosha mkono kabla ya kusema.

Katikati ya mlima, udongo mwekundu ukiteleza kama sabuni, Shaban akanyoosha mkono.

Nikakanyaga breki ili nimpe ruhusa.

Tuliserereka kinyumenyume, polepole, kwa muda uliotosha kila mtu kutaja dini yake. Gurudumu la nyuma likazama katika mtaro hadi kwenye ekseli. Nilimuuliza Shaban alitaka kusema nini. Akasema alitaka kuniambia nisikanyage breki.

Tumesukuma mpaka jua limetua. Jovitha, ambaye ni mwuguzi na hana huruma, amesema: “Mwijage kaka yangu, wewe umesoma. Tatizo ni kwamba tope halijasoma.” Wamecheka wote. Nimeiandika hapa ili ishughulikiwe kikaoni.

Jumapili ya Pasaka, 10 Aprili

Siku ya ushindi! Na ya hofu kidogo.

Mwenyekiti alikwenda ibadani kwa miguu. Sisi tulibaki na gari. Shaban alisema bila kitu kikavu cha kutia chini ya magurudumu tutamaliza masika mahali hapo. Nikapanda kwenye nyumba iliyo juu ya barabara. Hodi mara tatu. Kimya, wote walikuwa kanisani. Barazani palikuwa na mafungu kumi na mawili ya nyasi, kavu, laini, zimechaguliwa jani kwa jani. Nilizitambua mara moja. Hizo hutandikwa sakafuni katika kila nyumba yenye heshima inayongoja mgeni wa Pasaka.

Nilisita. Naandika jambo hili kwa fahari: nilisita. Kisha nikafikiri kuhusu meli na mikahawa ya Kanazi.

Jovitha aliniambia waziwazi kwamba ni aibu, na kwamba mama yangu angenichapa. Nikamhakikishia kwamba Chama kingeandika barua. Nami niliiandika, ukurasa mzima, kwa mwandiko mzuri kupita wote niliowahi kuandika: shukrani, salamu za Pasaka, ahadi ya kurudisha nyasi. Lakini jina la karani kijana lisingemtuliza mzee wa watu. Barua ilihitaji uzito. Nikatia sahihi: “R. Rugaibula, Mnunuzi wa Kahawa, Rwamishenye.” Nikaiacha barazani. Mjomba yuko Mwanza. Haitamdhuru.

Nyasi zikaingia chini ya magurudumu. Shaban akashika usukani, kwa muda tu, kwa idhini yangu. Gari likatoka kama jino!

Mwenyekiti alirudi akiwa mchangamfu. Kanisani alikaa na mzee mmoja mwungwana, Mzee Mujuni, mwenye nyumba ile ya juu ya barabara. Mzee alimsimulia kwamba leo anampokea mgeni mkubwa, na kwamba wake za wanawe wamekata na kukausha nyasi wiki nzima, wakizikimbiza ndani kila wingu lilipotokea. Mwenyekiti akauliza kwa nini sote tunaangalia magurudumu.

Tukaenda Kamachumu. Tulikula ndizi za kuchoma chini ya turubai. Hakuna aliyezisifu.

Jumatatu ya Pasaka, 11 Aprili

Barabara ya kurudi ni moja. Inapita chini ya nyumba ya Mzee Mujuni.

Nilishauri tupite kwa kasi, vichwa chini. Shaban alisema kwa utelezi ule kasi ingetufikisha kwa mzee sebuleni. Tukateremka kwa gia ya kwanza. Saa nane na nusu. Muda ulikuwa unatosha.

Katikati ya barabara walisimama watu wawili chini ya mwavuli mmoja. Wa kwanza alikuwa mzee mrefu mwenye barua mkononi. Wa pili alikuwa Mjomba.

Meli ilishindwa kutia nanga kwa dhoruba! Mjomba akalala kwa rafiki bandarini. Jumapili akapanda basi, basi likakwama, akatembea maili tatu kwenye tope hadi kwa Mzee Mujuni, aliyekuwa amemwalika tangu Krismasi, na ambaye Mjomba alisahau kumwarifu kuhusu safari ya Mwanza. Mgeni mkubwa ndiye yeye. Akapokewa juu ya udongo mtupu, wanawake wa nyumba wakijificha kwa aibu. Kisha mwenyeji wake akamsomea, kwa sauti, barua ya kukiri kwamba nyasi amezichukua Mjomba mwenyewe.

Niliteremka. Nikaanza: “Mheshimiwa Mzee Mujuni, Mheshimiwa Mjomba…” Mjomba akainua kidole. Akaniuliza swali moja tu: ni Rugaibula yupi aliyetia sahihi, yule aliyekuwa amekwama na basi kwenye tope, au huyu anayeliangalia gari lake?

Nikaomba swali lipelekwe kikaoni.

Mzee Mujuni, Mungu amzidishie, alisema mwandiko ni mzuri sana. Mjomba aliketi mbele, karibu na Shaban. Mimi nilikaa nyuma, chini ya tundu la saba. Mpaka Rwamishenye Mjomba alimsifu Shaban kwa jinsi anavyobadili gia.

Jumamosi, 16 Aprili, Kanazi

Nimepalilia mistari minne tangu asubuhi. Mama anaikagua. Jana nilipeleka kwa Mzee Mujuni fungu la kwanza la nyasi, kwa miguu, kichwani. Yamebaki kumi na moja. Meza yangu ya ukarani amepewa mtu mwingine.

Nimetafakari sana. Kosa nimeliona. Hapa naandika hotuba ya kikao kijacho, ambayo Jovitha ataisoma kwa niaba yangu:

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mwalimu Elieza. Mheshimiwa Msimamizi wa Chakula, Dada Jovitha. Bwana Shaban, ambaye kuanzia leo ni Dereva wa Chama. Nami, Katibu wenu niliye mbali. Mjomba wangu ameapa hadharani kwamba hatapanda basi tena maishani, na safari yake ya Mwanza ameisogeza hadi Pentekoste. Ufunguo ameuhamishia kwenye kopo la chumvi. Kwa hiyo nimeamua, nanyi mtekeleze bila mjadala: tutaondoka Ijumaa ya kabla ya Pentekoste, tarehe 27 Mei, saa nane mchana. Barua zote zitatiwa sahihi ya Mwenyekiti. Na safari hii, kila mwanachama aje na nyasi zake.