Sakafu Isiyoteleza

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha familia. Ajenda moja: sakafu ya sebule. Mwezi uliopita Mama alijikwaa kwenye kona ya zulia la plastiki iliyojikunja, akaanguka, akavunjika nyonga, akawekewa ya bandia. Sasa yuko kwa Dada, anajifunza upya kutembea kwa fremu ya chuma. Anarudi nyumbani Jumamosi ya wiki ijayo. Kabla hajarudi, zulia litoke, sakafu mpya iingie.

Ile kona niliahidi kuibandika mimi. Mimi kitindamimba, ninayeishi naye, mwenye mikono miwili mizima. Gundi nilinunua. Ipo kabatini. Siku ile walipouliza kona ilijikunjaje, nilisema ni paka. Hatuna paka. Hakuna aliyefuatilia.

Dada anataka vigae vyenye uso wa kukwaruza. Mumewe akamuunga mkono. Huyu shemeji yangu namwita Pima Maji (moyoni tu), maana hatoki kwake bila kile kifaa cha mafundi chenye kiputo, cha kuonyesha kama kitu kimelala sawa. Ni mwalimu wa jiografia! Anakibeba cha nini? Leo alikiweka juu ya meza yetu, akatikisa kichwa, akakirudisha kwenye mkoba. Hakusema neno. Hilo ndilo lililoniudhi.

Hapo hapo nikatangaza kuwa vigae ni vya machinjioni, nyumba ya heshima ni mbao. Sikuwa nimewahi kuwaza mbao maishani mwangu. Ila neno likitoka limetoka, na mimi si mtu wa kulamba matapishi.

Uamuzi: Alhamisi Dada alete vigae vyake, mimi nilete mbao yangu, tupime kipi hakitelezi. Mama kasema kwa simu kwamba anataka kitu kimoja tu. Asianguke tena.

Jumanne, 4 Machi

Nimefundisha udereva asubuhi nzima huku nikiwaza mbao. Mwanafunzi akapita kwenye taa nyekundu, nikamwambia vizuri sana, endelea hivyo hivyo.

Jioni mpango umeiva. Dada ameshaleta vigae vitatu vya mfano, kaviacha sebuleni kwetu. Nimevipaka mafuta ya kupikia. Tone, kitambaa. Tone, kitambaa. Vinang'aa kama kipara cha mkuu wetu wa chuo. Ushindi uko kiganjani! Kiganja chenyewe kinateleza.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu!

Pima Maji alikuja na kiatu cha Mama kiwe kipimo. Sawa. Kabla ya kuanza akatoa leso, akafuta vigae vyote vitatu. Nikamuuliza kwa nini anafuta vitu visafi. Akajibu kwa upole kwamba kitu chenye vumbi hakipimiki. Upole wa mtu huyu siku moja utaniua.

Akainua kigae upande mmoja, akaweka kiatu juu. Kiatu kikaganda kama kupe. Akainua zaidi. Kikaganda. Ikaja zamu ya mbao yangu, yaani mlango wa kabati nilioung'oa asubuhi. Nikainuka kwa mbwembwe, nikauleta. Sikukumbuka kwamba juzi matone mengine ya mafuta yalidondokea sakafuni.

Nilikwenda juu, nikatua kwa makalio. Mbao ikanitoka mkononi, ikateleza yenyewe hadi jikoni. Dada akasema basi, mbao imejieleza. Kisha akaniazima fimbo ya akiba ya Mama.

Vigae vimeshinda. Kwa sasa. Naandika haya nimelalia tumbo.

Ijumaa, 7 Machi

Mungu si Athumani!

Dada kapiga simu: vigae alivyovichagua vimekwisha dukani, mzigo mwingine unaingia mwisho wa mwezi. Sikuhusika. Naapa, safari hii kweli sikuhusika. Wakamwomba Mama asubiri kwao. Mama amekataa katakata. Amechoka kuwa mgeni, anasema, na kitanda cha mkwe ni kitanda cha mkwe tu, hata kiwe na mito minane.

Saa sita akapiga Fursa. Huyu ni rafiki yangu tangu shule, kazi yake kubomoa majengo, na jina lake la kweli nimelisahau. Wanabomoa ukumbi wa michezo. Mbao za sakafu zipo, ngumu kuliko maisha, bure kwa mwenye lori. Mimi sina lori. Lakini chuo cha udereva kinalo! Nimebandika tangazo: kesho kuna somo maalumu la kubeba mizigo.

Jumamosi, 8 Machi

Wanafunzi wawili wamefuzu kurudi nyuma na shehena. Mbao zimefika. Geti limeinama kidogo.

Tatizo dogo. Mbao zina rangi, tena rangi za viwanja. Mistari ya njano, myekundu, myeupe, ya buluu, kila mchezo na wake. Na Fursa amezing'oa na kuzipakia ovyo, hakuna ubao unaomjua jirani yake. Nikamlalamikia. Akasema msasa utatoa rangi yote. Nimesugua kuanzia saa nne mpaka saa kumi. Kilichotoka ni ngozi ya vidole vyangu.

Nimempigia Dada kumwambia kwamba nimepata mbao za mti adimu. Akauliza mti gani. Nikasema ni adimu mno, bado haujapewa jina.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi ameanza. Mtu makini, mkono mwepesi, ila neno lake ni moja. Nikamuuliza kama kazi itaisha Jumatano. Labda. Tupange mistari ikutane? Labda. Nikasema basi isipangwe, hatuna muda wa mafumbo. Nimembatiza Fundi Labda.

Zulia la zamani limetoka. Ile kona nimeikata mwenyewe nikaitia kwenye mfuko mweusi. Sikutaka mtu aitazame.

Mchana Pima Maji akapita. Akachungulia vile vipande vya mbao ambavyo sakafu itakalia, akapima kwa mkono, akauliza: sakafu ikipanda vidole vinne, mlango unaofungukia ndani utafungukaje? Nikamwambia milango huzoea. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Halafu akamkumbuka Mama, akaona haya, akaomba radhi. Nami nikamkumbuka Mama. Tukasimama pale kama wanafunzi waliofukuzwa darasani.

Jumatano, 12 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Asubuhi niliufunga mlango wa sebule ili Pima Maji asichungulie. Tukapigilia safu za mwisho mpaka mlangoni kabisa. Kazi safi! Nikashika kitasa nikajitengenezee chai.

Mlango haukuzoea.

Umegota kwenye mbao kwa chini. Nikavuta. Fundi akavuta. Tukavuta pamoja, kitasa kikabaki mkononi mwangu. Madirisha yana nondo. Mtaimbo wa kung'olea mbao uko uani, umeegemea ukuta, tunauona kabisa. Nikamuuliza Fundi kama alijua mlango unafungukia ndani. Alijua. Mbona hakusema? Akasema alinisikia nikisema milango huzoea, akafikiri labda.

Saa tatu mpaka saa saba! Watu wazima wawili, biskuti moja. Mwishowe uso ukatokea dirishani. Uso wa nani mwingine?

Nikamwomba mtaimbo. Akauchukua, akaushika, hakuupitisha.

"Kwanza sema," akaniambia.

"Niseme nini?"

"Unajua."

Nikasema alikuwa sahihi. Akasema upepo umevuma, hakusikia. Hakukuwa na upepo! Hata jani halikutikisika!

"Shemeji, ulikuwa sahihi!"

"Tena, tafadhali," akasema. Mara ya tatu Fundi alisema pamoja nami, kwa sauti kubwa, bila labda.

Tukang'oa mbao mbili, tukatoka. Alasiri nikaukata mlango kwa chini. Pima Maji akanyoosha futi kamba aniazime, nikakataa, nikakata kwa jicho. Sasa chini ya mlango kuna pengo ambalo paka angepita na mizigo yake. Kama tungekuwa na paka.

Alhamisi, 13 Machi

Sakafu imekamilika! Mstari wa njano unaanzia kwenye kochi, unakwenda hatua tatu, unapotea, unaibukia chini ya meza. Duara jeupe limekatika vipande kumi na kimoja visivyosalimiana. Karibu na dirisha kuna nusu ya tarakimu, ama tatu ama nane.

Dada akasimama mlangoni. Akavua miwani. Akaivaa. Akaivua tena, akasema bila miwani ni afadhali.

Pima Maji akapiga magoti na kifaa chake. Kiputo katikati. Akasogea. Katikati. Akaizunguka sebule yote kwa magoti kama mtu aliyedondosha sindano, na kiputo kikakaa katikati kila mahali. Akainuka mnyonge kabisa. Raha iliyoje! Kazi ni ya Fundi, nakubali, lakini aliyemchagua Fundi ni nani?

Nikampigia Mama nijisifu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, paka hajambo?

Nikaihamishia simu sikio la pili.

Akasema gundi aliiona kabatini siku moja kabla ya kuanguka. Alitaka kunikumbusha, akaona ah, ni mtu mzima, atakumbuka mwenyewe. Hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Akauliza tu kama sakafu mpya inateleza.

Nikasema haitelezi.

Nilikuwa sijaijaribu. Nikavaa soksi, nikakimbia hatua mbili. Nilisimamishwa na ukuta. Nikavua soksi, nikavaa viatu. Ukuta tena! Nikaketi sakafuni, mgongo ukutani. Keshokutwa Mama ataingia hapa na nyonga yake mpya. Tangu tuanze haya mambo sikuwahi kuogopa. Leo nimeogopa.

Ijumaa, 14 Machi

Wazo! Soda ikimwagika, sakafu hunata. Kila mtu anajua. Nimeamka na jua nikadeki sebule nzima kwa kreti moja ya soda. Ikanata ajabu! Kandambili yangu ya kushoto ilibaki katikati ya chumba, nikatoka bila yake.

Kufika saa nne, sisimizi. Si kumi, si mia, ni taifa. Wamepanga foleni juu ya mstari wa njano, waendao kulia, warudio kushoto, hakuna anayempita mwenzake. Katika miaka kumi na miwili ya kufundisha sijapata wanafunzi wa namna hii.

Dada akawakuta. Akapandisha mikono ya gauni, akachemsha maji, akatia sabuni ya unga. Akamkabidhi mumewe brashi, akanikabidhi mimi brashi, na Fundi Labda aliyekuwa amekuja kuchukua nyundo yake akajikuta naye ana brashi. Tukasugua watu wanne kwa magoti mpaka saa kumi na moja. Ndoo baada ya ndoo, maji yakatoka meusi tii. Pima Maji akaniambia ule weusi ni polishi ya miaka mingi. Nikamwambia ni sisimizi. Akanitazama, nikamtazama, povu hadi kwenye nyusi. Dada ndiye aliyeanza kucheka. Tulicheka mpaka Fundi akaketi ndani ya ndoo.

Jumamosi, 15 Machi

Mama amekuja.

Akasimama kwenye mlango wa sebule na fremu yake. Akaitazama sakafu kutoka pembe hii hadi ile. Akauliza mistari yote hii ya nini. Nikamweleza kitaalamu: wa njano hauvukwi, mweupe uliokatika unaweza kuuvuka ukihakikisha njia ni nyeupe.

"Nipisheni," akasema. Dada akanyoosha mkono amshike. Akaukataa.

Fremu. Mguu. Fremu. Mguu. Mipira ya fremu ikauma mbao, ikashika. Dada alikuwa amenishika mkono, au mimi nilikuwa nimemshika yeye, sikumbuki. Mama akavuka njano, akavuka nyeupe, akavunja sheria zote za barabarani, mpaka dirishani, peke yake. Akageuka.

"Haitelezi."

Halafu akasema hajawahi kuona sakafu mbaya kama hii tangu azaliwe, na atakayeigusa atamkuta hapa hapa. Dada akalia. Pima Maji akapenga kamasi kwa ile leso yake ya kufutia vigae. Baadaye akanivuta pembeni, akanieleza polepole kwamba kilichoteleza ni polishi, na kilichotuokoa ni maji ya moto, si soda. Nikamwambia naelewa vizuri kabisa. Ndiyo maana nilianza na soda. Ulikuwa mpango wa hatua mbili.

Jumapili, 16 Machi

Nimelala usingizi wa mshindi.

Asubuhi chai ya pamoja. Mama akasema nyumba sasa ni nyumba, ila vile vidato vitatu vya barazani vinamtesa, jana alisukumwa na kuvutwa kama kabati. Dada akasema jambo dogo, Fundi Labda aje Jumanne amwage zege la mteremko, kazi ya asubuhi moja. Mama akafurahi. Pima Maji akawa ameshatoka nje kupima.

Mteremko! Zege! Hii familia haina maono.

Nikaingia chooni nikampigia Fursa. Kumbe wiki hii wanabomoa hoteli ya ghorofa saba. Ana lifti. Nzima! Vioo pande tatu, na kengele bado inalia. Bure kwa mwenye lori. Sitamwambia Pima Maji, maana najua atauliza lifti itampandisha Mama kwenda wapi katika nyumba isiyo na ghorofa. Watu wa jiografia hupenda maswali madogo madogo.

Fundi nimeshamwambia asije Jumanne. Kesho kuna somo maalumu la lori, wanafunzi sita wamejiandikisha. Kwenye mlango wa mbele lifti haipiti, nimepima kwa hatua. Kwa hiyo ukuta itabidi utoke. Ni ukuta mmoja tu.