Mia Moja Thelathini na Moja za Mwenye Bucha

Jumatatu, 9 Juni

Kikao cha klabu ya kriketi. Ajenda moja. Ukuta wa chumba cha wachezaji umepakwa chokaa upya, na kamati imeamua uandikwe jina la mtu aliyepiga zamu bora kuliko zote, tangu anaposhika gongo mpaka anapotolewa, katika mechi zetu za siku moja. Jina moja! Miaka kumi na tisa ya klabu, wapigaji mia na ushei, jina moja! 

Wagombea wawili. Wa kwanza ni Mwenye Bucha. Miaka sita iliyopita aliipiga timu ya kiwanda cha sabuni mbio 131 peke yake, na mbio ndizo alama zetu. Hakuna mwingine aliyewahi kufika huko. Amezichora kwenye kibao cha duka lake, chini ya picha ya ng'ombe. Wa pili ni fundi cherehani tunayemwita Sindano. Yeye alipiga 94 tu, lakini uwanja ulikuwa umelowa, mpira ukiruka kama chura, na timu nzima iliambulia 137.

Mimi ndiye karani wa alama, mtunza vitabu vyote. Nimeagizwa nilinganishe zamu hizo mbili na kuleta ripoti Jumapili. Nisaidiane na Mwalimu wa hesabu. Mtu anayesahihisha hata kadi za harusi!

Tulipokuwa tunatoka, Mwenye Bucha aliniwekea mkono begani. Mkono wake mmoja ni sawa na mapaja yangu mawili. Alisema jibu la posa yangu kwa binti yake nitalipata Jumapili hiyo hiyo. Akaongeza kwamba anapenda mkwe anayejua kuhesabu. Akacheka. Nami nikacheka. 

Jumanne, 10 Juni

Nimeunda kanuni. Safu saba, rula, kalamu nyekundu na ya bluu. Mbio, mipira aliyopokea, hali ya uwanja, ukali wa warushaji, na kadhalika. Nikajumlisha. Sindano akashinda kwa pointi kumi na moja. Jasho!

Nikaongeza safu ya nane: uzito wa mpigaji. Ni haki tupu. Mtu wa kilo mia na kumi akikimbia kati ya wiketi, vile vijiti vya kila upande, na mtu wa kilo hamsini na mbili akikimbia, hizo si mbio za aina moja. Mwenye Bucha akashinda kwa pointi arobaini.

Mwalimu alipita masijala, ninakofanya kazi, saa ya chakula. Akaikazia macho safu ya nane. Akauliza kama urefu wa shingo nao tuuhesabu. Kisha akanihutubia mbele ya mafaili. Duniani, alisema, kuna mtu amepiga 264 katika mechi moja ya siku moja. Lakini wapo wanaoapa kwamba kubwa zaidi ni 175 za yule ambaye timu yake ilikuwa na mbio 17 na watu watano wameshatolewa. Na wapo wanaoapa kwa 201 za yule aliyebanwa na misuli, akapiga amesimama kama mlingoti, hata kukimbia hawezi. Namba peke yake ni mkia bila ng'ombe. Lazima tujue kila mpira ulikwendaje. Tufungue kitabu, mpira kwa mpira, na tuazime kitabu cha wapinzani tuhakiki, maana kila timu huja na karani wake.

Nikasema ni wazo zuri. Kwa nini nilisema ni wazo zuri?

Jumatano, 11 Juni

Nimekwisha.

Nilikifungua kitabu cha mechi ya 131. Sindano ndiye aliyekuwa akipiga naye siku ile. Ova ya 27, yaani fungu la 27 la mipira sita sita, mpira wa mwisho, Sindano anakimbia mbio moja. Kila anayejua kriketi anajua: ukikimbia moja kwenye mpira wa mwisho, unavuka upande wa pili, na ova mpya inaanza kupigwa huko huko ulikovukia. Yaani ni wewe tena. Mimi nimemwandika Mwenye Bucha! Na ova nzima iliyofuata nimeigeuza. Na nyingine. Ova nne! Alichopiga Sindano nimempa Mwenye Bucha, alichopiga Mwenye Bucha nimempa Sindano.

Kando ya ova ya 28 kuna duara la kahawia. Ni alama ya kikombe. Nakumbuka. Ndipo binti wa Mwenye Bucha, mpima macho wa kliniki, aliponiletea chai mezani kwa mara ya kwanza. Aliniuliza kama naona vizuri pale nilipokaa. Nikamjibu naona vizuri sana.

Kwenye mapumziko ya maji nilimwona Mwenye Bucha amesimama upande usio wake. Nikadhani amekosea yeye, nikayabadili majina bila kurudi nyuma.

Nimehesabu mara tisa. Mbio 25 za Sindano zilikwenda kwa Mwenye Bucha. Mbio 2 za Mwenye Bucha zilikwenda kwa Sindano. Jumla ya timu ni sahihi, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Lakini 131 ni 108. Na Sindano, niliyemwandikia 79 siku ile, alipiga 102.

Mia! Katika kriketi mia ndiyo mia. Ukiifikisha unainua gongo, watu wanasimama, na unaitwa mwenye mia mpaka unaingia kaburini. Sindano hana. Watu humtania kila mwaka: tisini na nne, fundi, uzi ulikuishia? Naye hucheka. Sasa magoti yake yamekwisha, hawezi tena kutafuta nyingine.

Nimeorodhesha hatari zangu. Ya kwanza, panga la bucha. Ya pili, shoka la mifupa. Ya tatu, mashine ya kusagia nyama. Ya nne, kumkosa Mpima Macho. Nikaona aibu, nikaipandisha ya nne iwe ya kwanza. Nikaikumbuka mashine. Nikairudisha.

Alhamisi, 12 Juni

Nilidanganya kazini kwamba jino linauma, nikaenda kwa karani wa timu ya sabuni. Ni mkunga mstaafu. Mpango: nikiazime kitabu chake kabla ya Mwalimu, halafu kipotee kwa bahati mbaya.

Nikabisha hodi. Shikamoo yangu ilitoka nyembamba. Akaniitikia marahaba na kuniuliza naumwa nini. Sebuleni vitambaa vya makochi vimenyooshwa kama vitanda vya wodi, na vitabu vyake vya alama vimepangwa kabatini kwa miaka. Nikamwomba kile cha mwaka ule. Alisema, mwanangu, kitabu changu hakitoki nje, ni kama mzazi wa siku ya kwanza. Kisha akasema nisihangaike, Mwalimu ameshampigia simu. Atakileta mwenyewe Jumapili.

Siku ile ya mechi aliitwa kuzalisha mara tu mpira wa mwisho ulipotua. Tulilinganisha jumla tu, majina hatukuyafikia. Nilijipa moyo: huenda hajui.

Alinisindikiza hadi getini. Akaniuliza: yule mwembamba, aliyepiga mia siku ile, bado mzima?

Nikasema mzima. Nikajigonga kwenye geti.

Ijumaa, 13 Juni

Mpango mpya. Kitabu cha Mkunga kikisema hivi na changu kikisema vile, ni ubishi. Lakini changu kikiwa hakisomeki, ni ajali tu. Na mtu aliyepata ajali hupewa pole.

Saa ya chakula masijala ilikuwa tupu. Mechi zote mbili zimo katika kitabu kimoja, na nilikuwa nimeweka karatasi ya bluu kwenye mechi ya Mwenye Bucha na nyekundu kwenye mechi ya Sindano. Au nyekundu kwa Mwenye Bucha? Nikafungua. Nikafumba macho, maana kukitazama kitabu changu kikizama nisingeweza. Nikamwaga kikombe kizima cha chai.

Nikafumbua macho. Uwanja uliolowa. Timu 137. Sindano 94.

Nimemzamisha Sindano! Wino umekimbia kila upande. Ya Mwenye Bucha iko pale pale, kavu kama mfupa, ova nne za uongo zinasomeka hata kwa asiye na miwani.

Na mlangoni amesimama Mwalimu. Akatazama kikombe. Akatazama kitabu. Akanitazama. Alisema kwa upole kabisa kwamba kwa hiyo sasa kwenye karatasi amebaki mgombea mmoja, na kwa bahati ndiye mkwe wangu mtarajiwa. Akaondoka bila kunywa maji niliyomkaribisha.

Kufika jioni klabu nzima inajua kwamba Karani amenunuliwa kwa binti.

Jumamosi, 14 Juni

Sindano amekuja kwangu asubuhi. Nilimwona dirishani na nikaingia chini ya meza. Akasema kupitia mlangoni kwamba anaona kisigino changu.

Nilidhani amekuja kunipiga. Alikuja na pasi. Alisema amesikia kitabu kimelowa, na kazi yake ni kunyoosha vitu. Akatandika shuka mezani, akaweka kitambaa juu ya kila ukurasa, akapitisha pasi pole pole huku akiimba kwa pua. Ukurasa kwa ukurasa. Karatasi zilinyooka. Namba hazikurudi.

Nikamuuliza anakumbuka nini kuhusu zile 94. Alisema hakumbuki hesabu, hajawahi kuhesabu akiwa uwanjani. Mimi napiga tu, Karani, hesabu ni zako. Ukiniandikia tisini na nne, basi ni tisini na nne.

Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo kabisa. Ikatoka sauti ya kumkaribisha chai. Akatazama kitabu, akasema kwa leo chai tuiache.



Jumapili, 15 Juni

Nimeandika haya, na vidole bado viko kumi.

Chumba kilijaa. Mkunga alikaa mbele, kitabu mapajani. Mpima Macho alikaa karibu na dirisha. Mwenye Bucha alikuja moja kwa moja kutoka dukani, na aproni yake. Mimi nilisimama nyuma ya ubao wa alama. Sikusema najificha. Nilisema nauegemeza usianguke.

Mwalimu akamwomba Mkunga asome. Mkunga akavaa miwani na kusoma ova kwa ova, kama anayemsomea mtu majibu ya vipimo. Mwenye Bucha, 108. Sindano, 102.

Watu wote wakageuka kumtazama Mwenye Bucha. 

Mwenye Bucha akainuka. Kiti kikalia. Akaanza kutembea kuja upande wangu. Nikaanza kusali, nikachanganya sala ya chakula na ya safari. Akanipita. Akaenda mpaka kwa Sindano.

Akasema siku ile alihesabu mwenyewe kichwani na alipata mia na saba au nane. Lakini Karani aliposoma 131 kwa sauti, akajiambia Karani ni msomi, hawezi kukosea. Halafu akachora kibao. Halafu ikawa vigumu kukifuta. Miaka sita, akasema, kila Mkunga akipita dukani anampa kipande cha steki bure, kwa kuogopa kile kitabu. Mkunga akashangaa. Alisema siku zote alidhani ni heshima kwa wakunga.

Watu wakaangua kicheko. Sindano hakucheka. Aliuliza, taratibu, kama ni mia na mbili kweli. Mkunga akajibu amehesabu mara mbili, baba, na yeye hajawahi kukosea hata mapacha.

Mwenye Bucha akachukua gongo lililokuwa kwenye kona, akampa. Akamwambia ainue. Sindano akasema aa, mzee, hapa ni ndani. Mwenye Bucha akasema inua, bwana! Akainua. Mkono mwembamba ule, gongo juu, likagusa dari. Tukasimama wote. Mwenye Bucha ndiye aliyepiga makofi ya kwanza. Sindano akawa anajifuta uso kwa futi yake ya kupimia.

Mwenye Bucha akajitoa, ndipo kamati ikamuuliza Sindano zamu yake ipi iandikwe ukutani kando ya jina lake. Mwalimu alisimama na kanuni yake kamili: 94 kwenye uwanja uliolowa ni kubwa kuliko 102 kwenye uwanja mkavu, kwa kipimo chochote cha haki, na hata bila kitabu wenye macho waliiona. Sindano akasema ni kweli. Lakini aandikiwe 102, kwa sababu ile hakuna aliyeipigia makofi. Mwalimu akakaa kama mtu aliyeibiwa.

Kisha macho yote yakageukia ubao. Chini yake miguu yangu ilikuwa ikionekana.

Mwenye Bucha alisema jibu la posa alikuwa nalo, sasa hana. Binti yake akaomba kusema. Alisema macho yangu hayana kasoro, ameyapima mara mbili. Kasoro iko nyuma ya macho. Lakini huenda ikatibika. Walicheka mpaka Mkunga akakohoa.

Hukumu ya Mwenye Bucha: Jumamosi ijayo wazee wa klabu wanacheza mechi ya kujifurahisha, yeye na Sindano na magoti yake wakiwemo. Niandike mechi nzima, Mkunga akiwa kando yangu. Nisipokosea hata mpira mmoja, nilete wazee wa ukoo. Nikikosea mmoja, nikatafute wakwe wanaocheza drafti.

Ijumaa, 20 Juni

Kesho ndiyo kesho. Sijala tangu jana. Ova arobaini, mipira mia mbili na arobaini, na kila mmoja unaweza kuniua.

Lakini hofu ni mwalimu mzuri, na nimejifunza. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilikuwa naandika huku mchezo unaendelea. Nani anaweza kuandika sawasawa katika vurugu ile, mpira unaruka, watu wanapiga kelele, Mpima Macho amekaa pale? Kazi nzuri hufanywa mapema, mahali penye utulivu.

Kwa hiyo leo, baada ya kazi, nimekaa na rula yangu na kuijaza mechi ya kesho yote. Mpira kwa mpira. Nimehakiki mara tatu, jumla zinalingana, majina yako kwenye mistari yao. Sindano nimempa 33. Mkwe nimempa 41, si nyingi, hakuna atakayeshtuka. Tunashinda kwa wiketi mbili, ushindi mwembamba.

Kesho nitakaa tu na kutazama. Naona hata njaa imeanza kurudi.