Kuhusu Ada Mpya ya Wacheza Nyoka na Bima ya Watazamaji Watakaoumwa

Puge, Nzega
14 Juni 1955

Kwa Ndugu Katibu,
Chama cha Wacheza Nyoka,
Tabora.

Ndugu Katibu, na pia shemeji yangu Alois,

Natumaini wewe na dada yangu Imakulata hamjambo. Sisi hapa hatujambo, na nyoka nao hawajambo. Nimepokea tangazo lako kwamba ada ya uanachama imepanda mara tatu, na kwamba kila mwanachama lazima akate bima ya kuwalipa watazamaji watakaoumwa. Asiyelipa kabla ya ngoma za mavuno atanyang'anywa beji, na bila beji haruhusiwi kucheza mbele ya watu. Nililisoma nimekaa, nikalisoma tena nimesimama. Naomba kulalamika kama ifuatavyo.

1. Nilipojiunga, kiingilio kilikuwa kuku na mtungi wa pombe. Kuku yule tulimla pamoja, hata mimi niliyemleta nilipewa paja. Siku hizi natoa shilingi, na sijawahi kualikwa zinapoliwa. Nilipomuuliza mweka hazina, Kasimiri, alinijibu, "Gharama zimepanda, Ng'washi." Gharama za nani? Nyoka wangu wanakula panya, na panya wa Puge bado ni wa bure.

2. Babu yangu alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani, mzigo kichwani, chatu shingoni. Hakuna aliyemdai bima. Msafara mzima ulikuwa ukimwachia mahali pazuri pa kulala.

3. Wakala wa bima uliyemtuma alifika hapa amevaa tai. Nilipomtoa chatu wangu, Subira, ili akaguliwe kama tangazo linavyotaka, bwana yule alipanda juu ya kihenge cha mtama na kuendelea na maswali huko huko.
"Jina la nyoka?"
"Subira."
"Amewahi kuuma?"
"Hajawahi."
"Ana meno mangapi?"
Nikamwambia ashuke tuhesabu pamoja. Akaandika "mengi". Hapo paa la kihenge likaachia, akatumbukia ndani ya mtama, miwani ikavunjika. Wakati huo Subira alikuwa amelala. Sasa nadaiwa miwani, na mke wangu Bertila ananidai kihenge. Yaani maisha yangu yote, mtu wa kwanza kuumia mbele ya nyoka wangu ni mtu wa bima! Nauliza kwa heshima: je, yeye amekata bima ya vihenge vya watu?

4. Kamati inapenda kutaja ile sikukuu ya misheni, swila wangu alipoingia ndani ya tarumbeta kubwa la Wenceslaus. Ni kweli, aliingia. Lakini kamati haisemi yaliyofuata. Wenceslaus alipuliza kwa nguvu ambayo haijapata kusikika Tabora nzima, swila akatoka salama, na padri akamfanya Wenceslaus kiongozi wa bendi. Sikudai chochote kwa mafunzo hayo.

5. Kama kila anayehatarisha watu alipe, basi tulipe wote. Katekista wetu Silasi huhubiri mpaka watu wanasinzia na kuanguka kwenye mabenchi. Mama Apolinaria alirudi nyumbani na nundu kwenye paji la uso, pale pale alipopakwa mafuta ya kipaimara. Wapiga ngoma nao huondoka na wake za watu. Na watazamaji je? Juzi mmoja alimkanyaga Subira mkia kwa makatambuga, hata pole hakusema. Kwa hiyo naomba kanuni igeuzwe: watazamaji ndio wakate bima, na wanaolipwa wawe nyoka. Kwa kuwa Subira hana dole gumba la kutia sahihi, nitapokea kwa niaba yake.

Nasema wazi: nyoka wa nyumba hii hawajauma mtu, na hawatauma. Sitalipa. Mkitaka beji, njooni mnivue wenyewe mbele ya watu wa Puge, ambao wamengoja ngoma hizi tangu walipopanda mtama. Kazi nyingine siijui, shemeji, na kwa umri huu siwezi kuanza kujifunza kushona viatu.

Nisalimie dada, watoto, na kamati nzima. Kasimiri naye msalimie, lakini awe wa mwisho.

Ndimi mwanachama wako, mwenye beji mpaka dakika hii,

Anton Ng'washi

Nyongeza: Barua nilikwisha kuifunga, nimeifungua tena. Asubuhi hii Mzee Damas, baba wa kijana anayemposa binti yetu Veneranda, amefika kuzungumzia mahari. Tulimpa kiti, akasema tusijisumbue, kikapu kinamtosha. Subira alikuwa ndani ya kikapu. Pamoja na barua hii utapokea ada yote, bima yote, na miwani. Nakusihi, shemeji yangu mpenzi, umwambie wakala aandike tarehe ya jana. Mzee Damas anakusalimu sana. Mazungumzo ya mahari yanaendelea vizuri, ila yeye amesimama.