Siku Magugu Maji ya Igogo Yalipozinduliwa

Gari la matangazo lilizunguka kuanzia Buzuruga mpaka Mkolani, spika mbili juu, likitoa habari njema: "Wananchi mnatangaziwa kwamba magugu maji yote yaliyoko mwalo wa Igogo yako chini ya uangalizi wa Kamati. Ni marufuku kuyang'oa, kuyasogeza au kuyabughudhi kwa namna yoyote ile, mpaka yatakapozinduliwa na mgeni rasmi siku ya Jumamosi."

Aliyeandika maneno hayo ni Bwana Malimi Kashindye, Katibu Mtendaji wa Kamati ya Uratibu wa Magugu Maji. Alifungua dirisha la ofisi ili ayasikie vizuri. Aliipenda kazi yake jamani, hasa kwa kuwa hakuwa na nyingine. Ilikuwa miaka ile ya soko huria: mashirika yanauzwa, wafanyakazi wanapunguzwa, na wenzake aliosoma nao walikuwa tayari wanauza mitumba. Yeye alisalimika kwa akili. Maadamu magugu yapo, Kamati itakuwapo. Na maadamu Kamati ipo, Katibu atakuwapo. Hiyo ndiyo mipango endelevu.

Shida ilikuwa watu. Mvua ziligoma, mabwawa ya huko Mkolani yakakauka, wafugaji wakawa wanateremsha ng'ombe ziwani. Na ziwa lenyewe lilikuwa limefunikwa kijani mwambao mzima, limebaki tundu moja la maji meupe pale mwaloni Igogo, mitumbwi inapoegeshwa. Wavuvi wanataka kupitisha mitumbwi hapo, wafugaji wanataka kunywesha hapo hapo. Asubuhi moja fimbo zikakutana na makasia, watu wakapasuana vichwa. Kamati ilichukua hatua za haraka: iliunda kamati ndogo ya kuangalia vichwa.

Ndipo ofisini akaja Achola, binti wa mvuvi, aliyekuwa ametoka kumaliza kidato cha nne. Aliongozana na Ngosha, kijana wa kifugaji, ambaye kaka yake bado alikuwa na bandeji.

"Shikamoo baba," alisema Achola.

"Marahaba. Mna miadi?"

"Hatuna. Tunaomba tuanze kung'oa magugu, vijana wa pande zote mbili. Kamba ni za wavuvi, ng'ombe wa kuvuta ni wa kina Ngosha."

Bwana Kashindye alicheka kwa upole. "Mwanangu, suala hili ni mtambuka. Gugu haling'olewi tu hivi hivi. Kwanza linatambuliwa, halafu wadau wanashirikishwa, halafu linazinduliwa."

"Lakini baba, kinachoyanenepesha ni uchafu wa mabomba ya viwandani. Wenye mabomba wanalala salama, sisi tunabaki kupasuana vichwa. Hiyo ni haki kweli?"

"Wenye mabomba ndio wafadhili wa sherehe," alisema Katibu. "Tuwe na adabu."

Walipotoka nje Ngosha akasema, "Ng'ombe wetu hawasikilizi gari la matangazo. Tuanze kesho."

Sasa, kuwakutanisha watu waliopasuana juzi si mchezo. Lakini Ngosha alikuwa mcheza ngoma, na huko kwao Usukumani kuna Wagika na Wagalu, vyama viwili ambavyo baada ya mavuno hucheza siku moja, jirani kwa jirani. Hakuna hakimu. Watazamaji wanahama kwa miguu yao wenyewe, na mwenye watu wengi ndiye mshindi. Basi wakafanya hivyo hivyo na magugu: wavuvi upande huu, wafugaji upande ule. Hakuna aliyeombwa kupatana. Waliombwa washinde.

Lo, Igogo ilichangamka. Wavuvi walivuta kwa nyimbo zao za nyavu, wafugaji wakafunga njuga miguuni na kuwaimbia ng'ombe mpaka ng'ombe wenyewe wakaona soni kusimama. Watu wakakimbilia huku, wakakimbilia kule, mama ntilie na masufuria yao nyuma. Wale waliokuja na fimbo wakajikuta wanazitumia kusukumia magugu nchi kavu.

Ijumaa mchana Bwana Kashindye alikwenda kukagua jukwaa la sherehe, akakuta uhalifu mkubwa: ziwa linaonekana. Mitumbwi inapita, ng'ombe wanakunywa, na hakuna anayempiga mwenzake. Alijiona kabisa amesimama sokoni, ameshika suruali ya mtu aliyekufa Ulaya.

"Mmeyapeleka wapi magugu ya serikali?"

"Yale pale baba, yanakauka," alisema Achola, akionyesha kilima cha majani.

Kiongozi wa kweli hayumbishwi na maji safi. Alikodi boti kubwa, akaagiza magugu mapya yaburutwe kutoka ghuba nyingine, na Jumamosi asubuhi mwalo ulikuwa umefunikwa tena, safari hii na maua ya zambarau. Kwa kweli ulipendeza macho.

Mgeni rasmi alifika kwa boti, kama Katibu alivyoelekeza, ili aone ukubwa wa tatizo. Akauona. Magugu yalijisokota kwenye panga la injini, ikazima, na mheshimiwa akabaki katikati ya kijani, hotuba mkononi, akisema maneno ambayo upepo uliyapeleka Ukerewe.

Vijana wakarusha kamba. Wavuvi wakavuta upande wao, wafugaji upande wao, mheshimiwa akawa anazunguka kama chapati, na watazamaji wakikimbia huku na huku kuamua mshindi. Achola ndiye aliyeingia majini, akazikusanya kamba zote na kuzifunga kwenye nira moja ya ng'ombe. Boti ikaja ufukweni taratibu.

"Magugu haya yametoka wapi?" aliuliza mgeni rasmi, akikamua koti.

"Yameletwa jana na Kamati, mheshimiwa," alisema Achola.

Mgeni rasmi alikuwa mwanasiasa mzoefu. Kabla ya kukasirika, aliangalia kwanza watu wamesimama wapi. Wote walikuwa upande wa kamba.

"Basi Kamati iyang'oe yenyewe," alitangaza. "Kwa mikono. Na yakiisha, Kamati nayo imekwisha."

Makofi yalipigwa mpaka bata maji wakaruka. Wajumbe wote walipata misiba ya ghafla. Bwana Kashindye alibaki peke yake, akakunja suruali, akaomba japo ajiunge na timu moja. Wavuvi wakasema huyo ni Msukuma, aende kwa wafugaji. Wafugaji wakasema huyo ni mtu wa ofisini, hatumjui. Lilikuwa jambo la kwanza ambalo pande zote mbili zilikubaliana bila kikao.

Akaingia majini. Achola alimwonea huruma.

"Baba, shika kwenye shina, sio kwenye ua. Ukikazana, jioni utakuwa umemaliza."

Katibu alilishika shina la kwanza. Alilitazama kwa huzuni ya kweli kabisa, maana alijua akilivuta anavuta na mshahara wake.

"Mwanangu," alisema, "kwani kuna haraka gani?"